Jinsi ya Kuchunguza Angahewa ya Sayari Ndogo za Nyota Nyingine

Anza kwa kuchagua nyota, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama kazi inawezekana. Njia ya kwanza hutazama mpito, yaani sayari inapopita mbele ya nyota yake na sehemu ndogo ya mwanga kupenya angahewa yake. Dunia ikipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali huona mwanga ukipungua kwa sehemu 84 tu katika milioni, na mchango wa angahewa yenyewe hauzidi sana sehemu moja. Nyota kibete nyekundu, yaani nyota ndogo na baridi kuliko Jua, hupunguza ugumu huo: TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 40, ina kipenyo cha asilimia 12 hivi ya kile cha Jua, hivyo sayari yake ya ndani kabisa, TRAPPIST-1 b, ambayo inakaribiana na Dunia kwa ukubwa, hukinga zaidi ya sehemu 7,000 katika milioni.

Kisha kadiria angahewa inaweza kutuna kiasi gani, jambo linalotegemea joto, mvutano na uzito wa gesi, kwa hiyo tungamo la sayari lazima lijulikane. Kwa joto na mvutano uleule, haidrojeni hutuna mara 14 ya naitrojeni; ndiyo maana darubini ya James Webb iliweza kutambua methani kwenye K2-18 b, sayari yenye hewa ya haidrojeni, mwaka 2023, ilhali sayari za miamba bado ni bahili wa habari.

Anza kupima saa kadhaa kabla ya mpito na uendelee baada yake, upate mwanga wa kawaida wa kulinganishia. Utawanye mwanga huo kwa urefu wa mawimbi: penye gesi inayofyonza, kama kabonidioksidi kwenye mikromita 4.3, sayari huonekana kubwa zaidi. Mstari ulionyooka, yaani ukubwa usiobadilika kwa urefu wowote wa mawimbi, hauthibitishi kwamba hakuna hewa, kwani ukungu wa juu, kama ule wa sayari GJ 1214 b, huficha kila kitu.

Njia ya pili ni kusubiri sayari ijifiche nyuma ya nyota, ili mwanga unaopotea uonyeshe joto la upande wake wa mchana. Kwa TRAPPIST-1 b, kipimo cha mikromita 15 kilichotangazwa mwaka 2023 kilitoa nyuzi 230 za Selsiasi hivi, kinavyotarajiwa kwa mwamba mtupu usio na hewa ya kupeleka joto upande wa usiku.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni madoa ya nyota. Madoa baridi ya vibete vyekundu huweza kuwa na mvuke wa maji, na dalili ya maji iliyoonekana mwaka 2023 katika vipimo vya sayari GJ 486 b ingeweza kutoka kwa sayari au kwa nyota yenyewe. Hapo ndipo mwamba mtupu unapofaa: watafiti huchagua nyakati ambazo TRAPPIST-1 b na e, sayari nyingine ya nyota hiyo, zinapita kwa kufuatana, madoa yakiwa hayajabadilika sana, kisha huchukulia alama zinazoonekana kwa b kuwa za nyota na kuziondoa katika vipimo vya e.