Kurusha ndege ya rimoti kwa kamera: kuanzia mezani hadi uwanjani

Kurusha kwa kamera ni kuiongoza ndege ukitazama, kwenye miwani yenye skrini, picha inayotumwa na kamera iliyo ndegeni. Kabla ya kufunga kamera yoyote, uwe tayari unaweza kuirusha ndege yako kwa macho, kuizungusha kushoto na kulia, kuirudisha ikikuelekea na kuitua bila kuivunja. Picha ikikatika angani, ujuzi huo ndio utakaokuokoa. Ndege inayosumbua kwa macho, inayovuta upande mmoja au inayoinua pua kila ukiongeza nguvu, itasumbua zaidi ukishavaa miwani, kwa sababu humo huoni bawa wala mkia. Unachoona ni upeo wa macho na ardhi basi.

Ndege na mota

Anza na ndege ya foamu ya EPP au EPO, mabawa mita 1.2 hivi kutoka ncha hadi ncha, mota ikiwa nyuma. Mota ya nyuma inaacha pua wazi kwa ajili ya kamera, na ukitua kwa pua propela inabaki salama. Foamu hizo mbili zikipasuka unaziunganisha papo hapo uwanjani kwa supagluu. Usijaribu hivyo kwenye foamu nyeupe ya maboksi ya televisheni, kwani supagluu ya kawaida inaiyeyusha.

Kwa ndege yenye uzito wa gramu 900 hadi kilo moja ikiwa na kila kitu, mota ya kipimo cha 2212 yenye Kv 1400 (mizunguko 1400 kwa dakika kwa kila volti), propela ya inchi 8 kwa 4, kontrola ya mota ya ampia 30 na betri ya LiPo ya seli 3 yenye mAh 2200 vinatosha. Hesabu muda wako hivi: tumia asilimia 80 tu ya betri, yaani mAh 1760. Ndege ikila ampia 6 kwa mwendo wa kawaida, una dakika 17 hivi. Ukiikimbiza kwa nguvu zote dakika hizo zinapungua zaidi ya nusu, kwa hiyo saa ya kuhesabia iwekwe dakika 10 kwa safari za mwanzo.

Kitovu cha uzito ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, hasa baada ya kuongeza kamera, transmita (kifaa kinachorusha picha) na antena. Kwa ndege yenye mkia wa kawaida, kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sentimita 20 linataka kitovu kati ya sentimita 5 na 6.5. Mara ya kwanza chukua 5. Weka alama mbili kwa kalamu chini ya mabawa, nyanyua ndege kwa vidole viwili juu ya alama hizo betri ikiwa ndani, kisha sogeza betri mbele au nyuma mpaka ndege itulie huku pua ikiinama kidogo. Pua nzito itakufanya uvute kidogo fimbo ya rimoti. Mkia mzito utaifanya ndege iyumbe na kudondoka ghafla mara tu mwendo unapopungua, na hakuna rubani wa kamera anayeiwahi hali hiyo kwa mita 20 za juu.

Kamera, transmita na umeme wake

Mwongozo huu unafuata video ya analogi ya 5.8 GHz. Ni nafuu, haicheleweshi picha, na inapozidiwa na umbali inakupa onyo. Kamera ya kipimo cha milimita 19 yenye lenzi ya milimita 2.1 inatosha. Kamera ya Wi-Fi inayotazamwa kwenye simu usiitumie kuongozea ndege: picha yake huchelewa, na ndege ya kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ucheleweshaji wa nusu sekunde maana yake mti unaouona mbele yako umekwisha kuukaribia kwa mita 7.

Funga kamera ikiwa sambamba na mabawa, lenzi ikiinuka digrii 0 hadi 5 tu. Ikilala upande hata kidogo, utaishi unapindisha ndege ili upeo wa macho unyooke, na ndege itakuwa inazunguka polepole bila wewe kujua. Kagua pia kwamba kamera na bodi inayoandika maelezo juu ya picha zote zimewekwa mfumo mmoja wa picha: zote PAL, au zote NTSC. Zikitofautiana, maandishi yanarukaruka au picha inapotea.

Transmita ya milivati 200 inatosha kujifunzia. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ili umbali uwe maradufu lazima nguvu iwe mara nne, kwa hiyo kutoka 200 utahitaji 800. Ndiyo maana antena nzuri inalipa kuliko milivati za ziada. Tumia antena za duara (zinazorusha mawimbi yanayojizungusha) pande zote mbili, ndegeni na kwenye miwani, na zote ziwe za mzunguko mmoja: ama za kulia zote, ama za kushoto zote. Ukichanganya moja ya kulia na moja ya kushoto, chenga zitaanza ukiwa bado juu ya uwanja, na unaweza kutafuta kosa siku nzima kwenye waya.

Usiwashe transmita bila antena. Nguvu inayokosa pa kutokea inarudi ndani na kuunguza sehemu ya mwisho ya saketi. Mara nyingi transmita inaendelea kuwaka kama kawaida, ila umbali wake unakuwa mita chache tu. Pia inachemka sana. Ikikaa mezani bila upepo inaweza kujizima au kujipunguzia nguvu, hivyo ifunge mahali hewa inapopita, na unapofanya majaribio ya chini iweke kwenye milivati 25.

Mistari inayotembea kwenye picha na kuongezeka kila unapoongeza mota inatoka kwenye umeme wa kontrola ya mota. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000, volti 35, iliyolehemiwa karibu kabisa na waya za betri kwenye kontrola, pamoja na umeme wa kamera na transmita kupitia kichujio au kidhibiti chao wenyewe cha volti 5. Waya hasi wa kamera uende pamoja na waya wa picha hadi kwenye transmita au bodi ya maandishi. Ukiuunganisha mbali, kwenye betri upande mwingine, mistari itarudi.

Tenganisha antena. Ya video iwe mkiani au kwenye bawa moja, ya risiva (kifaa kinachopokea amri za rimoti) upande wa pili, kwa umbali wa sentimita 20 au zaidi, na GPS ikae mbali na transmita na kamera. Fito za kaboni ndani ya bawa huzuia mawimbi, kwa hiyo antena isilale sambamba nazo.

Rimoti lazima iishi kuliko picha

Hapa ndipo palipo moyo wa mpangilio wote. Mawimbi ya rimoti lazima yafike mbali kuliko mawimbi ya video. Picha ikianza kufa, bado una uwezo wa kuigeuza ndege. Rimoti ikifa kwanza, utabaki unatazama picha safi kabisa ya ndege inayokwenda zake. Rimoti zinazotumia mfumo wa ExpressLRS wa 2.4 GHz zinafaa kwa sababu ziko mbali na 5.8 ya video na zinafika mbali kwa nguvu ndogo.

Kisha panga nini kitokee mawimbi ya rimoti yakipotea. Kama ndege haina GPS, mota izime na usukani ubaki katikati au ugeuze kidogo, ili ianguke karibu badala ya kusafiri. Kama ina bodi ya kuongozea (kompyuta ndogo ya ndege) yenye programu huria ya iNav na GPS, bodi ndiyo iirudishe nyumbani. Kosa linalojirudia ni kuiacha risiva iendelee kutoa amri ya mwisho iliyopokea. Bodi inadhani rubani bado yupo, haichukui hatua, na ndege inaendelea mbele mpaka betri iishe. Ipange risiva inyamaze kabisa mawimbi yakikatika. Jaribu hilo mezani: toa propela, washa ndege, ongeza mota, zima rimoti, utazame kinachotokea. Rudia kila ukibadilisha chochote kwenye risiva au bodi.

Kwenye maandishi ya miwani weka volti za betri, ubora wa mawimbi ya rimoti, umbali, urefu, mshale wa kuelekea nyumbani, na namba za mahali za GPS. Volti zikifika 3.5 kwa kila seli, yaani 10.5 kwa betri nzima, unatakiwa uwe unatua. Ubora wa mawimbi ya rimoti ukishuka chini ya asilimia 70, geuka.

Uwanjani

Ukanda wa pwani rusha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Uwanja uwe wazi, mbali na nyumba, barabara, nyaya za umeme na njia za ndege kubwa. Ruhusa ulizia mapema kwa mamlaka ya usafiri wa anga: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, na vifaa vya mawimbi vina mamlaka zake, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania. Usidhani kwamba ndege ya foamu haihusiki na kanuni. Marekani sheria inamtaka anayerusha kwa miwani kama burudani awe na mwangalizi pembeni yake anayeiona ndege kwa macho, na isipande zaidi ya futi 400, karibu mita 120. Hata pasipo na sheria kama hiyo, usivae miwani bila mwangalizi. Kazi yake si kupiga picha. Anatazama anga, anakutajia ndege nyingine, watu na mifugo, na anakumbuka ndege yako iko wapi ukipoteza picha.

Kama kuna warushaji wengine, uliza masafa kabla ya kuunganisha betri. Kwenye jedwali la masafa ya video liitwalo Raceband, R1 ni megahezi 5658 na R8 ni 5917. Watu wawili wakichukua hizo mbili hawagusani. Ukiwasha transmita kwenye masafa ya mwenzako aliye angani, unamfumba macho hapo hapo.

Mpangilio wa kuwasha: rimoti kwanza, halafu miwani, halafu ndege. Subiri GPS ipate satelaiti 8 au zaidi, na mshale wa nyumbani ujiweke. Gusa kila usukani na utazame unakwenda upande sahihi. Washa kurekodi.

Ruka ya kwanza, miwani aivae mwangalizi mwingine wa pili au itazamwe kwenye skrini, wewe ukirusha kwa macho. Zungusha uwanja pande zote nne, karibu na mbali, aliye na picha akisema chenga zinatokea wapi. Utagundua kwamba ndege ikipita juu ya kichwa chako, au ikilalia bawa upande fulani, picha inaharibika. Huo ni udhaifu wa kawaida wa antena kwenye ncha yake, na ni bora uujue leo.

Ukishavaa miwani, msaidizi aitupe ndege kuelekea upepo, mlalo, pua ikiinuka kidogo, mkono ukiwa mbele ya mota. Tumia hali ya kujisawazisha. Panda hadi mita 50 au 60 moja kwa moja bila kugeuka, kisha geuka kwa upana. Mizunguko ya mwanzo iwe ndani ya mita 300. Tafuta alama za ardhini: barabara, bati linalong'aa, mnazi uliosimama peke yake.

Safari ianze kwa kukata upepo. Ukianza kwa kufuata upepo, ndege ya kilomita 50 kwa saa kwenye upepo wa 20 inakwenda kwa 70 ikisukumwa na inarudi kwa 30. Kilomita 2 za kwenda zinachukua chini ya dakika mbili, za kurudi dakika nne, na mota ikila betri muda wote huo.

Chenga zikiongezeka, usishuke. Kushuka kunaweka miti na ardhi kati yako na ndege. Panda, geuka taratibu bila kulaza bawa sana, na ukiwa umesimama elekeza uso upande wa ndege, hasa kama miwani ina antena bapa inayopokea mbele tu. Picha ikipotea kabisa, achia fimbo ya usukani ndege ijisawazishe, acha mota nusu, na uiite nyumbani kwa swichi ya GPS. Swichi hiyo uwe umeijaribu mapema, juu ya uwanja, ukiwa unaiona ndege.

Kutua tua kwa macho mpaka uzoee. Lenzi pana inaonyesha ardhi ikiwa mbali kuliko ilivyo, na wengi huchelewa kuinua pua. Lete ndege karibu, mita 30 hivi juu, vua miwani, itafute kwa msaada wa mwangalizi, uimalizie. Miwani ukiivua usiiache lenzi zikitazama juu. Jua la dakika chache likipita kwenye lenzi hizo linachoma skrini na kuacha doa lisilofutika.

Ikianguka mbali

Usizime miwani. Rudisha video nyuma hadi picha ya mwisho, soma namba za mahali, uziweke kwenye ramani ya simu. Ikiwa transmita bado inawaka, antena bapa itakuonyesha uelekeo: zunguka polepole, utembee upande ambao chenga zinapungua. Andika namba ya simu ndani ya mwili wa ndege, kwani mara nyingi anayeiokota ni mchungaji au mwenye shamba.

Betri iliyobonyea au kuvimba usiichaji tena na usiiingize nyumbani. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga. Iliyo nzima ichajiwe kwa kusawazisha seli, ampia 2.2 kwa betri ya mAh 2200, na kama hurushi wiki hiyo iache kwenye volti 3.8 kwa seli.