Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya filamu

Ukiona filamu ina asilimia 90 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, usidhani imepewa alama 9 kati ya 10. Maana yake ni kwamba wahakiki 90 katika kila 100 waliikubali, hata kama kila mmoja aliipenda kidogo tu. Ndiyo maana filamu ya kawaida isiyomuudhi mtu hupaa, na ile ya kuthubutu iliyogawa watu huanguka. Mimi huanza na hiyo ya pili. Wastani wa alama zenyewe utaupata kwenye tovuti ya Metacritic.

Kwa michezo ya kompyuta, Steam, duka la mtandaoni la michezo hiyo, huonyesha peke yake maoni ya wachezaji ya siku 30 za karibuni. Soma hayo kwanza: No Man's Sky ilipondwa sana ilipotoka 2016, kisha masasisho yakaigeuza kabisa.