Kabla ya kutafuta rekodi za baba aliyekuwa Keya (askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki)

Usianze na jina, anza na nambari ya jeshi na bataliani. Makarani waliandika majina walivyoyasikia, kwa hiyo Mutua wa Kilonzo anaweza kuwa "Mutwa s/o Kilonso" (s/o ni "mwana wa"), na askari wenye jina hilo ni wengi. Fungua sanduku la nyumbani: cheti cha kuachishwa jeshi, barua za zamani, hata picha. Kwenye picha, angalia beji ya kofia na ya begani.

Nishani zitazame kwa makini. Za vita vya 1914 hadi 1918 zina jina na nambari ukingoni, herufi ndogo sana, zimulike tochi kwa upande. Za 1939 hadi 1945 kwa kawaida hazina jina, lakini bado zinasema kitu: Nyota ya Burma inakuonyesha alipelekwa Asia, Nyota ya Afrika inaelekeza pengine Ethiopia au Somalia.

Ukishajua bataliani, nenda Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, na kitambulisho. Shajara za vita za vikosi vyenyewe, za 1939 hadi 1945, ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: fungu WO 169 kwa Afrika Mashariki, WO 172 kwa Burma. Humo utapata mwendo wa kikosi siku kwa siku. Majina ya askari wa kawaida ni nadra.

Kama hakurudi, tafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bure mtandaoni. Jaribu kila tahajia, na jina la babake pia.