Hoteli ya ufukweni: panga chakula cha jioni kabla hujafungua begi

Ukiwa bado mapokezi, weka meza ya jioni. Hoteli nyingi za zamani za ufukweni bado zina saa maalumu za kula, na meza za dirishani huwahiwa mapema. Uliza pia kama bei ya chumba ina chakula cha jioni au kifungua kinywa tu. Mara nyingi vinywaji hulipiwa kando hata hivyo, na hapo ndipo bili huvimba.

Sasa samaki. Muulize mhudumu yupi ameingia leo, usiulize yupi mtamu. Kama anauzwa kwa uzito, omba apimwe akiwa mbichi, mbele yako, utajiwe na jumla kabla hajaenda jikoni. Uzito huo una kichwa na mifupa: samaki mzima wa kilo moja hubaki na nyama kama nusu kilo, inayowatosha watu wawili vizuri. Macho yawe maangavu na yametuna, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia, agiza kitu kingine bila kuona haya.

Mkila nje, chagueni meza iliyokingwa na ukuta, maana upepo wa bahari hupoza sahani upesi mno.