Msipake rangi kwa idadi tupu

Wadogo zangu mnaosoma Jiografia huku Mbeya, mkipewa takwimu za sensa mchore ramani ya vivuli, yaani ile ambayo kila wilaya inapakwa rangi nzito au nyepesi kulingana na takwimu yake, msikimbilie kupaka rangi kwa idadi ya watu ilivyo. Gawanyeni kwanza kwa eneo, mpate watu kwa kila kilomita ya mraba. Wilaya ya Chunya ni pana mno na ina mapori mengi. Wilaya ya Rungwe ni ndogo, lakini pale Tukuyu na vijiji vyake ni migomba na nyumba, nyumba na migomba. Kwa idadi tupu, wilaya pana inaweza kuonekana imejaa kumbe sehemu kubwa ni miti.

Hata mkishagawanya, kivuli bado kina uongo wake: kinawasambaza watu sawasawa wilaya nzima, wakati Chunya wengi wamejikusanya kwenye machimbo ya dhahabu, kama Makongolosi, na kandokando ya barabara. Hapo tumieni ramani ya nukta, na kwenye ufunguo muandike nukta moja ni watu wangapi. Watu 50 kwa nukta? Rungwe mtatoboa karatasi. Jaribuni 500.