Kabla hujajisajili udaktari wa uuguzi: weka haya sawa ukiwa bado Dar

Kama umeshajaza fomu, usiitume leo. Iweke mezani, chemsha chai, soma kwanza. Najua una masta yako, umechoka kuitwa "nesi tu", na kuna mtu amekutumia kiungo cha chuo cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao. Mimi nilituma fomu usiku uleule nilioipata. Ilinigharimu muhula mzima, na ada yake.

Jambo la kwanza ni kujua unaomba udaktari upi, maana iko miwili na watu wanaichanganya. PhD inakuandaa kuzalisha maarifa mapya: utafiti, tasnifu, machapisho. DNP, yaani udaktari wa vitendo, unakuandaa kuyachukua maarifa yaliyopo na kuyafanya yafanye kazi wodini. Ukitaka kufundisha chuo kikuu hapa kwetu na kupanda vyeo kwa utafiti, PhD ndiyo inayoeleweka haraka. Ukitaka kubaki karibu na kitanda cha mgonjwa na kuubadilisha mfumo unaomzunguka, hapo DNP ina maana. Chuo Kikuu cha Kentucky kilianza kuitoa 2001. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, kikapitisha kwamba mafunzo ya wauguzi wa ngazi ya juu yahamie huko ifikapo 2015. Ikafika 2015, ikapita, na masta zipo mpaka leo. Waliokaza kweli ni wauguzi wa dawa za usingizi: kule, anayeanza masomo hayo tangu 2022 lazima aingie ngazi ya udaktari. Usikubali mtu akutishe kwamba bila DNP huwezi kuitwa muuguzi wa ngazi ya juu. Miongozo ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi ya 2020 yenyewe inapendekeza masta kama kiwango cha chini.

Pili, soma umahiri unaodaiwa kabla hujaanza kudaiwa. Waraka wa AACN wa 2006 kuhusu DNP uliuweka katika mihimili minane: misingi ya kisayansi, uongozi wa mifumo na ubora, kutumia ushahidi, teknolojia ya taarifa, sera, kufanya kazi na kada nyingine, kinga na afya ya jamii, na mwisho uuguzi wenyewe wa ngazi ya juu. Mwaka 2021 wakaupanga upya katika maeneo kumi, wakaongeza mambo kama huduma inayomzingatia mtu na kujijenga wewe mwenyewe kama kiongozi. Ukisoma haraka utasema haya yote nayafanya. Kufanya kazi na kada nyingine? Si kila siku unabishana na mfamasia na mtu wa maabara? Teknolojia ya taarifa? Si unajaza MTUHA, zile rejesta za takwimu za afya, kila mwezi? Ndivyo nilivyojidanganya. Waraka hauulizi kama unajaza rejesta. Unauliza kama unaweza kuzisoma hizo namba, kujua zipi ni za uongo, na kusimama mbele ya mganga mkuu kueleza nini kibadilike kwa sababu ya namba hizo.

Mengine nayapitia mbiombio. Nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uulize kama chuo unachokitaka kinatambulika, kabla ya kulipa hata senti, maana kuthibitisha tuzo ya nje baada ya kuipata ni kazi nyingine na ukiambiwa hapana hakuna wa kukurudishia pesa. Nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga uulize kwa mdomo wako hiyo shahada itaandikwaje kwenye kumbukumbu zako na itakuruhusu kufanya nini zaidi ya unachofanya sasa. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Leseni yako iwe hai. Mwajiri akupe ruhusa ya masomo kwa maandishi, si ile ya "we anza tu, tutaongea". Uliza saa za mafunzo kwa vitendo: waraka wa 2006 ulitaka saa 1,000 baada ya shahada ya kwanza, ule wa 2021 unataja zisizopungua 500 katika ngazi hii ya juu. Kazi yako ya kila siku haihesabiki yenyewe tu kwa kuwa umevaa sare. Lazima awepo msimamizi anayekubalika na malengo yaliyoandikwa, kwa hiyo mtafute huyo msimamizi sasa, angali na nafasi.

Na saa za darasa. Darasa la saa kumi na mbili jioni New York, hapa ni saa nane usiku. Wao wakibadilisha saa zao mwezi Machi, linakuwa saa saba, mpaka Novemba linarudi nane. Mimi nimewahi kukaa saa nzima peke yangu mbele ya skrini nikidhani mtandao umeharibika. Bando la kutosha, taa ya chaji, na luku usiisubiri ikuzimikie katikati ya wasilisho. Ukiwa na zamu ya usiku siku ya darasa, badilishana mapema.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike.

Mradi wangu ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Wodi ya wanaume ya magonjwa ya ndani, katika hospitali moja ya jiji hili ambayo siitaji. Nilitaka kuleta fomu ya alama za tahadhari, ya mtindo ule wa NEWS ulioanzishwa na madaktari wa Uingereza 2012 na kuboreshwa 2017. Unapima pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na ufahamu, kila kipimo kina alama zake, unajumlisha. Alama zikipanda unamwita daktari kabla mgonjwa hajazidiwa. Nilikuwa nimefanya kazi wodi ile miaka minne, niliijua kama sebule yangu. Nikapata vibali, nikachapisha fomu kwa pesa yangu steshenari ya pale nje, nikawafundisha wenzangu mchana wa siku mbili kwa soda na maandazi, nikabandika maelekezo ukutani. Baada ya mwezi fomu zilikuwa zimejaa mpaka pembeni. Nikapiga picha. Nikawatumia jopo la chuo, moyo umejaa.

Saa nane usiku, kwenye skrini, profesa mmoja mpole sana akaniuliza: kabla ya fomu, pumzi zilikuwa zinahesabiwa kwa wagonjwa wangapi, na kwa usahihi gani?

Nikasema wachache.

"Wachache wangapi?"

Nikabaki nasikia feni ya chumbani kwangu. Sikuwa na namba. Nilikuwa na uzoefu, na jopo halipokei uzoefu kama kipimo cha kabla. Nikaahidi kuchimba mafaili ya zamani.

Jumamosi nikajifungia masjala na kibali changu mkononi. Faili la kwanza, safu ya pumzi: 20, 20, 20, 20. La pili, 20, 20, 22, 20. La tatu, 20 tangu mgonjwa anapokelewa hadi anaruhusiwa, nimonia yake yote. Nilifungua mafaili sitini. Mkono ukiwa mweusi kwa vumbi, nikafika kwenye moja la miaka miwili nyuma, 20 sita zimepangwa wima kama shanga, na ile mbili yenye mkia mrefu nikaitambua. Ni ya kwangu.

Ukitaka kuelewa ubaya wa hiyo ishirini, angalia jedwali la alama. Pumzi 12 hadi 20 kwa dakika: sifuri. Kuanzia 21 hadi 24: mbili. Kuanzia 25 kwenda juu: tatu, na tatu kwenye kipimo kimoja tu inatosha kumwita daktari haraka. Yaani sote, bila kuambiana, tulikuwa tunaandika namba ya mwisho kabisa isiyomsumbua mtu. Na zile fomu zangu zilizojaa mpaka pembeni? Nikazirudia usiku huohuo. Ishirini. Nilichofanya mwezi mzima ni kuhamisha uongo wa zamani kwenye karatasi nzuri zaidi.

Kurudi nyuma haikuwezekana. Wodi ilishafundishwa, "kabla" yake ilishapotea. Jopo likaniambia nianze upya wodi nyingine, muhula mwingine. Nikamwendea mama inchaji wa wodi ya pili, nikamsalimu, nikamweleza yote bila kuficha mwandiko wangu. Akacheka kidogo. "Mwanangu, kabla ya fomu yako, ulishakaa na hawa watoto wa usiku? Kaa nao kwanza."

Nikakaa. Wauguzi wawili, wagonjwa thelathini na kitu. Mashine moja ya presha yenye kifuko kinachovuja. Saa ya ukutani betri imekwisha, imesimama kwenye tatu na robo. Saa ya mkononi anayo mmoja, haina mshale wa sekunde. Simu haziruhusiwi wodini. Niambie, unahesabu dakika kwa kutumia nini? Ishirini haikuwa uvivu peke yake. Mafunzo yangu ya soda na maandazi yaliwafundisha watu umuhimu wa pumzi, jambo wanalolijua tangu cheti, ilhali kilichokosekana kilikuwa betri ya saa.

Safari hii sikugusa kitu kwanza. Siku kumi na mbili, kila siku wagonjwa kumi, nashika kifundo cha mkono kana kwamba bado nahesabu mapigo, macho kifuani, maana mtu akijua unahesabu pumzi anaanza kupumua kwa adabu. Dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne. Kisha naangalia fomu imeandikwa nini. Siku ya pili kulikuwa na mzee mmoja wa kitanda cha dirishani, ametulia, kanga ya mkewe imekunjwa chini ya kichwa. Fomu inasema 20. Nilihesabu 32. Nikahesabu tena. Tukamwita daktari, akawekewa oksijeni kabla chai ya asubuhi haijagawiwa.

Kwa hiyo nakwambia, na hapa nakuamuru kabisa: usijisajili popote kabla hujatumia mwezi mmoja kuhesabu kitu kimoja kwenye wodi yako. Kimoja tu. Pumzi, muda wa dawa ya maumivu, mikono inayooshwa, chochote. Chora kwenye daftari la mistari, siku chini, namba pembeni, pata nukta kumi hivi, kisha piga mstari wa kati, nusu ya nukta juu yake, nusu chini. Ukija kubadilisha kitu baadaye, nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari huo zitakwambia kuna jambo limetokea kweli, si bahati ya siku. Kwa mradi mdogo wa wodi daftari linatosha, huhitaji programu ya bei mbaya. Na kama kitu ulichokihesabu hakikukunyima usingizi, badilisha mada sasa, si ukiwa mwaka wa pili.

Ila kuhesabu wodini kwako ni kimoja, kutumia namba hizo kwenye mradi wa chuo ni kingine. Hapo unahitaji kibali cha maadili, cha kamati ya taasisi au cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kulingana na utakachofanya, pamoja na ruhusa ya hospitali yenyewe, na chuo cha nje kina kamati yake pia inayotaka kuridhika. Usifungue faili la mgonjwa kwa ajili ya shule eti kwa kuwa una ufunguo wa masjala. Vibali vinachukua muda. Vianze mapema, na barua zote uwe na nakala yenye mhuri.

Halafu hilo neno daktari. Wagonjwa wetu wanamwita daktari kila mwenye koti jeupe, hata mwanafunzi aliyekuja juzi. Ukimaliza, ofisini na kwenye mikutano itumie shahada yako, umeitolea jasho. Kitandani jitambulishe: "Mimi ni muuguzi." Nimeona mwenzetu mmoja aligombana na daktari wa zamu kwa neno hilo mbele ya ndugu wa mgonjwa, na kilichokuwa kinasubiri wakati wanabishana ni damu ya kuongezewa.

Mengine ni ya kawaida. Mwambie mwenza wako ukweli kuhusu ada na kuhusu usiku. Usimfanye msimamizi wa mradi wako mtu anayetaka nafasi yako. Karatasi za fomu panga nani atazilipia ukishaondoka, la sivyo zitakufa wiki utakayoondoka wewe. Kazi yako ihifadhi sehemu mbili, flashi za steshenari zina virusi. Vyeti peleka kuthibitishwa mapema, si wiki ya mwisho. Ukisafiri kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, chanjo na bima uwe navyo mkononi. Betri za saa ya ukutani nunua mbili. Na mashine ya presha ukiiazima wodi ya jirani, iandikishe jina, maana ikipotea ni wewe.