Baada ya sefti: jinsi ya kusimamia mkwaju huru

Jumamosi nilikuwa na kijana mmoja wa nyumbani anayejifunza uamuzi wa futiboli ya Kimarekani hapa Minnesota. Mbeba mpira akaangushwa ndani ya endizoni yake mwenyewe, yaani eneo lililo nyuma ya mstari wa goli la timu yake: sefti, pointi 2 kwa wapinzani. Kijana akanigeukia, "Kaka, sasa nani anapiga?" Nilimwandikia haya usiku ule kuhusu mkwaju huru, yaani upigaji unaofuata sefti, kwa kanuni za shule za sekondari. NFL, ligi ya kulipwa, usiitazame kwa hili. Tangu 2024 mpangilio wao wa mpira wa kuanzia ni kitu kingine.

Hatua ya 1. Anapiga aliyefungwa, kama kwenye soka. Ila huku kupiga ni kuukabidhi mpira, kwa hiyo timu imepoteza pointi na mpira pia.

Hatua ya 2. Mpira yadi ya 20 ya wapigaji, ikihesabiwa kutoka mstari wao wa goli. Wapokeaji wasivuke yadi ya 30 kabla haujapigwa.

Hatua ya 3. Muulize kocha atapigaje. Anaweza kuuweka chini, au kuupiga kama kipa anavyoupiga kutoka mikononi. Mimi ningechagua wa mikononi kila siku: unapaa, wakimbiaji wanawahi kufika. Lakini mpigaji amezoea kurudi nyuma sana. Hapa asizidi hatua moja nyuma ya mstari. Nenda kamwoneshe mwenyewe.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mpira wa mikononi unalidanganya jicho: unadhani ni ule wa jaribio la nne (nafasi ya mwisho ya timu kusonga mbele, inapoamua kuupiga mpira mbali), ambao wapigaji hawaumiliki mpaka mpokeaji auguse. Huu sio. Ukishasafiri yadi 10 na kugusa ardhi, ni wa atakayeuwahi.

Msimu wangu wa pili, nyasi zimelowa, vijana wa kupokea waliuacha udunde, wakatawanyika huku wakiambiana wakae mbali nao, kama walivyofundishwa. Mchezaji mmoja wa wapigaji akaulalia. Nikapuliza, nikaonesha mpira ni wa wapokeaji. Kocha wa wapigaji alinisogelea, wala hakufoka: "Mwamuzi, huo ulikuwa mpira gani?" Nikanyamaza. Tulikusanyika waamuzi wote, tukageuza uamuzi, na jukwaa zima likanizomea.

Basi shika haya. Wapigaji wakiupata, unakufa palepale, hawakimbii nao. Ukiwa bado hewani, mpokeaji aachiwe nafasi ya kuudaka. Mpokeaji akiugusa kabla ya yadi 10, umeshakuwa wa wote. Ukivuka mstari wa goli, umekufa, wapokeaji wanaanzia yadi yao ya 20. Na kabla ya kupigwa, waambie wapokeaji kwa sauti: "Huu ni mkwaju huru!" Wenzangu wengine husema hiyo si kazi ya mwamuzi. Mimi nasema kila mara.

Hatua ya 5. Ukitoka nje bila mpokeaji kuugusa, ni kosa. Wapokeaji wengi huchagua kuanzia yadi 25 mbele ya mstari wa kupigia, yaani yadi ya 45 ya wapigaji.

Hatua ya 6. Saa haianzi mpira unapopigwa. Inaanza mpokeaji anapougusa uwanjani. Kwenye Super Bowl (fainali ya NFL) ya Februari 2013, kabla ya mpangilio wao kubadilika, Baltimore Ravens wakiongoza 34-29, mpigaji wao Sam Koch alizungukazunguka na mpira ndani ya endizoni yake, akatoka nje kwa makusudi. Sefti, 34-31, sekunde 4 zimebaki. Akapiga mkwaju huru kutoka yadi ya 20, Ted Ginn wa wapinzani akaudaka, saa ikaisha akiwa bado anakimbia.